Breki Ziko Wapi?

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8

 

Neno letu la leo ni agizo fupi ambalo wengi hulipita wasomapo Biblia. Mungu anawaambia Waisraeli kwamba mtu ajengapo nyumba mpya, na aizungushie dari yake ukuta mdogo, asije mtu akaanguka kutoka huko juu, na nyumba hiyo ikawa na hatia ya damu. Nyumba za nchi ile zilikuwa na paa bapa, na watu walipanda juu yake. Rahabu alianika kitani darini, na Petro alipanda darini kuomba. Basi mwenye nyumba alipaswa kumfikiria mgeni wake kabla mgeni huyo hajafika. Tafadhali lishikeni neno hilo, nasi tutalirudia.

Sasa twendeni Kedowa. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho, mahali pa baridi na mvua nyingi. Huko yuko kijana mmoja ambaye hatutamtaja jina. Alianza kama watoto wengi wa kwetu, kwa kuunda magari ya waya yenye magurudumu ya ndara kuukuu. Wenzake walipokua waliyaacha. Yeye hakuacha. Alipomaliza kidato cha nne alipata kibarua katika gereji, akawa akishika spana mchana, na usiku akichora magari katika daftari za shule. Hakuna aliyemlipa hata senti moja kwa michoro hiyo. Alichora kwa kupenda tu, lakini moyoni alitamani siku moja iwe kazi yake ya kumlisha.

Jumapili moja baada ya ibada alitujia pamoja na mama yake, akafungua daftari. Gari alilolipenda kuliko yote lilikuwa lori dogo la kubebea majani ya chai. Ninyi mnaochuma chai mwajua mambo yalivyo wakati wa mvua. Majani yamechumwa tangu alfajiri, akina mama wanangoja kwenye kituo cha kununulia, na lori la kiwanda limekwama matopeni. Majani mabichi yakisongamana kwa muda mrefu hupata joto na kuharibika, na jasho la kutwa nzima likapotea. Kijana huyu alikuwa amemwona mama yake akirudi nyumbani hivyo. Ndipo akachora lori jepesi, lenye magurudumu mapana na tumbo lililoinuka juu ya matope.

Alitaka kuliunda mara moja. Mama yake alikuwa tayari kumwuza ng'ombe wake wa maziwa, naye ni ng'ombe mmoja tu. Walituomba tuwaombee, na kanisa lifanye harambee.

Ndugu zetu, lazima tukiri kosa. Baadhi ya wazee wa kanisa walicheka. Mmoja aliuliza, "Tangu lini gari likatoka Kedowa?" Nasi tuliovaa kola ya uchungaji tulijifanya tunakohoa, lakini kilikuwa kicheko. Mama yule alituona. Aliinamisha macho, akaanza kulifunga daftari la mwanawe.

Kicheko kile kilikuwa dhambi. Katika Kutoka, mlango wa 31, Mungu anasema amemjaza Bezaleli Roho wake, ili abuni kazi za ustadi katika dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Kubuni ni karama. Mtu akimcheka kijana mwenye karama, na ajiulize anamcheka nani.

Tena tulikuwa tumesahau mambo ambayo Afrika imekwisha kuyaona. Jelani Aliyu alikulia Sokoto, Nigeria, akichora magari tangu utotoni. Alisomea uchoraji wa majengo kwao, kisha akaenda chuo cha ubunifu huko Detroit, Marekani, akaajiriwa na kampuni ya General Motors. Gari la Chevrolet Volt lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1907 ulikuwa umepita kwa miaka mia moja kamili; ilikuwa 2007, na sura yake ya nje ilikuwa imebuniwa na Mwafrika huyo. Jirani zetu wa Uganda nao wana ushuhuda. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha gari la umeme walilolibuni, Kiira EV, lenye viti viwili. Mwaka 2016 walionyesha basi la Kayoola, lenye kusaidiwa na nguvu za jua. Kazi iliyoanza kama zoezi la wanafunzi ikawa kampuni yenye kiwanda Jinja.

Hapa kwetu Kenya, wazee wanalikumbuka Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, na mwaka 1990 likaonyeshwa mbele ya wananchi. Yaliundwa magari matano ya kujaribia, nayo yaliweza kwenda mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Lakini fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana, na hatukuyaona barabarani. Bwana Yesu alisema habari ya mtu ajengaye mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Ikiwa serikali nzima ilielemewa na mzigo huo, ng'ombe mmoja wa Kedowa angefika wapi?

Tulikuwa karibu kumwambia hivyo, tumrudishe gereji. Lakini alikuwapo mzee mmoja aliyeendesha malori miaka mingi. Yeye hakucheka. Aliomba daftari, akavaa miwani, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, kimya. Kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, breki ziko wapi?"

Kijana akamwonyesha taa, akamwonyesha usukani, akamwonyesha mahali pa magunia. Breki hakuzichora. Akasema, "Hizo nitaweka baadaye, mzee."

Hakuna aliyecheka tena. Wasikilizaji, Kedowa haiko mbali na Londiani Junction. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lenye kontena liliacha njia hapo, likayagonga magari, likawapitia waendesha bodaboda, na wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Sisi si polisi wala mahakimu, hatuhukumu chanzo chake. Lakini katika nyumba nyingi za upande ule, neno lori halisemwi tena bila kumkumbuka mtu.

Mzee yule akaendelea. "Gari likiongeza mwendo mara mbili, hutaka nafasi mara nne hivi ili lisimame baada ya breki kushika. Likishuka mlima na mzigo, hutaka zaidi. Wewe umelichora likiwa tupu, kwenye tambarare, jua likiwaka. Mama yako atasimama wapi siku litakapoteremka kwenye mvua limejaa?"

Kijana akamtazama mama yake, machozi yakamlengalenga.

Basi sasa mnaona kwa nini tulianza na ukuta wa darini. Yule achoraye kwa kujifurahisha huulizwa kama mchoro wake unapendeza. Yule atakaye kuifanya kazi hiyo iwe ya maisha yake huulizwa juu ya watu asiowajua: aketiye ndani, na asimamaye kando ya barabara akiuza karoti. Mshahara unakuja baadaye. Kwanza mtu hukubali kuwa na deni kwa damu ya wengine. Ndiyo sababu katika viwanda vikubwa mchoro hupitia mikono mingi. Hufinyangwa mfano wa udongo wenye ukubwa wa gari lenyewe, hukatwa na kufinyangwa tena, kama chombo cha mfinyanzi katika Yeremia mlango wa 18. Kisha magari mazima hugongeshwa ukutani kwa makusudi, yamebeba sanamu za watu, ili ijulikane nani angeumia. Kujenga ukuta kuna gharama, na mara nyingi hakuna mpita njia atakayeusifu.

Yule kijana alirudi baada ya majuma mawili. Ng'ombe alikuwa hajauzwa. Daftari ilikuwa mpya, na ukurasa wa kwanza haukuwa na sura ya gari. Ulikuwa na hesabu: uzito wa magunia, kipimo cha mteremko, na maswali kumi na moja ambayo hakuweza kuyajibu. Alituambia, "Mchungaji, nahitaji kusoma." Baraza la kanisa lilikaa, na wale waliocheka ndio waliotoa kwanza. Tulipata karo ya muhula wa kwanza katika chuo cha ufundi. Ya muhula wa pili bado hatujaipata, nasi hatujui kama siku moja ataajiriwa kubuni magari. Njia hiyo ni ndefu, na wengi huishia katikati. Lakini amekwisha kuanza mahali panapofaa.

Nawe msikilizaji, unajenga dari gani? Mwenye duka la dawa, unajua tarehe iliyoandikwa kwenye chupa? Dereva wa matatu, umetazama magurudumu asubuhi hii? Mzazi, mwalimu, nasi wahubiri tunaopenda maneno matamu, breki zetu ziko wapi? Na kama kuna kijana nyumbani mwako anayechora, usimcheke. Vaa miwani, upitie daftari lake, umwulize swali moja la kweli.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyekuwa fundi seremala kule Nazareti, wabariki vijana wetu wenye ndoto. Wape walimu wavumilivu. Wafariji waliofiwa barabarani. Utufundishe kumpenda jirani hata kabla hatujamwona. Kwa ajili ya jina lako takatifu. Amina.