Korongo wa Kalambo

Kiangazi kilichopita tulitoka Matai pamoja na vijana wa mafundisho ya Kipaimara, tukashuka hadi maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, kutazama ndege. Tulipita mbuga za majani, kisha miombo, kisha msitu mzito wa kandokando ya mto, na kila mahali palikuwa na ndege wake. Lakini tuliyemwendea ni yule asiyependwa na wengi: korongo mkubwa mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, ambaye mijini hushinda majalalani na machinjioni. Kijana mmoja alipomwona alicheka; nasi, tukiri, tulicheka pamoja naye.

Pale maji yanapoanguka zaidi ya mita 200, ndege huyohuyo hujenga kiota chake katika kuta za mwamba. Hutaga wakati wa kiangazi, mayai mawili au matatu. Baba na mama huatamia kwa zamu siku 30 hivi, na kifaranga hulishwa zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruka. Torati yamhesabu korongo kuwa najisi, haliwi. Hata hivyo nabii Yeremia, katika sura ya 8, anamsimamisha korongo kama shahidi mbele ya taifa zima: ndege hakusahau wakati wake, watu wamesahau agano.

Tulikuwa tukilieleza neno hilo tulipoona moshi ng'ambo ya bonde. Wengine huwasha moto ili majani mapya yachipue, wengine kwa ajili ya panya tu. Nao hupanda mlima, ukala vichaka na kila kiota kilicho chini. Wazee wetu Wafipa waliyafukia majani ndani ya ntumba, yakaoza, yakairutubisha ardhi. Sisi twaona kazi hiyo ni ndefu mno.

Yule kijana aliyecheka akauliza kwa adabu: “Na shamba la kigango, nani alilichoma?”

Tulikuwa sisi, wiki mbili kabla ya safari ile. Tulimjibu hivyo mbele ya wenzake wote.

Sasa mvua zaelekea kwisha na majani yamesimama. Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, tutaanza kuinua matuta ya ntumba katika shamba hilo. Mwenye jembe aje nalo.