Soya ya Kuliwa na Msimbo Wake: Unga, Vipande na Protini Tupu



Naanza na kontena moja nililolishughulikia kama wakala wa forodha. Ankara yake ilisema "protini ya soya, chakula", basi. Niliingiza mzigo wote kwenye kifungu kidogo 2106.10 na kutuma tamko. Siku ya ukaguzi tukakuta mifuko ya kilo 25 ya aina mbili. Afisa alichana mmoja: vipande vikavu, vyepesi kama bisi. Akachana wa pili: unga laini. Akaomba maji ya moto na vikombe viwili. Vipande vilivimba, ukivifinya vinarudi kama sponji, ukivichana vina nyuzi kama za nyama. Unga ukawa rojo. Mwenye mzigo alilipia hifadhi zaidi ya wiki mbili huku tukibishana. Kosa lilikuwa langu, na ndiyo sababu nimeomba kuzungumza leo.

Hoja yangu ni hii: soya haipangiwi msimbo wa forodha kwa jina lake sokoni, bali kwa kile ilichofanyiwa kiwandani.

Punje yenyewe iko 12.01. Ikisagwa na mafuta yake, au ikiondolewa sehemu tu ya mafuta, ni unga wa 1208.10. Ikikamuliwa mafuta, kinachobaki ni mashudu, na unga wa mashudu hayo uko 23.04. Unga huo ukipitishwa kwenye mtambo wenye joto na mgandamizo mkubwa, ukasukumwa kwenye tundu jembamba, unatoka na nyuzi: hivyo ndivyo vipande tunavyoviita nyama ya soya, na hapo ndipo 2106.10 inapostahili. Kifungu kidogo hichohicho kinapokea protini iliyokolezwa, yaani unga uliokamuliwa mafuta kisha ukapunguzwa sukari na vitu vingine. Ikisafishwa hadi protini kufikia asilimia 90 ya uzito mkavu, inahamia 35.04, sura moja na gundi.

Wengi wetu mawakala hukwama hapo kwenye 23.04. Sura ya 23 inabeba jina la mabaki ya viwanda vya chakula na chakula cha mifugo, na mteja akisikia hivyo anakasirika: unga wangu wanakula watoto, unauweka na pumba? Namwelewa. Lakini Kanuni ya 1 ya tafsiri ya misimbo hii inasema wazi kwamba majina ya sura ni ya kurahisisha utafutaji tu. Kinachofunga kisheria ni maneno ya kifungu na maelezo ya sehemu na sura. Na Maelezo ya Ufafanuzi ya Shirika la Forodha Duniani, kwenye 21.06, yanauondoa kwa kuutaja unga wa soya uliokamuliwa mafuta na usiofanyiwa nyuzi, uwe unafaa kuliwa na binadamu au haufai, na kuupeleka 23.04. Mchoro wa mama na mtoto kwenye mfuko haubadilishi neno hata moja la maelezo hayo.

Vingine havisumbui sana. Sosi ya soya ni 2103.10. Maziwa ya soya yaliyo tayari kunywewa ni 2202.99. Tofu iko 21.06, na soseji za soya zisizo na nyama pia. Ila nyama ikizidi asilimia 20 ya uzito, tazameni Sura ya 16.

Kwa hiyo, kabla meli haijang'oa nanga, mwombeni muuzaji karatasi ya kiwanda inayoonyesha kiasi cha mafuta, kiasi cha protini na hatua za utengenezaji. Mkiwa bado na shaka, ombeni forodha uamuzi wa awali wa msimbo kwa maandishi. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 22, 2017, unazitaka nchi wanachama kutoa maamuzi hayo. Na msipokubaliana na uamuzi wa forodha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa mlalamikaji siku 30 za kuomba mapitio kwa Kamishna. Zihesabuni tangu siku ya uamuzi. Nimeona hoja nzuri zikifa kwa kuchelewa.

Kontena langu lilitoka baada ya kiwanda kutuma barua ya mistari mitatu: mafuta yamekamuliwa, unga haujafanyiwa nyuzi, vipande vimefanyiwa. Tukarekebisha tamko: unga 23.04, vipande vikabaki 2106.10. Barua ile ningeweza kuiomba mwezi mmoja kabla.