Kitunguu: Kukilima na Kukiweka Akiba

Leo twataka kusema nanyi habari za kitunguu maji, mboga isiyokosekana katika mchuzi wa tajiri wala wa maskini. Bonde la Malolo, wilayani Kilosa, lasifika kwa vitunguu vya kumwagilia, na mazao yake hutoka kwa njia kuu ipitayo Mikumi. Lakini kulima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuweka, na hapo ndipo wengi wapatapo hasara.

Kwanza tukifahamu kitunguu chenyewe. Watu hudhani kuwa ni mzizi, kumbe ni majani. Kikateni katikati, mtaona maganda yamekumbatiana: hizo ni sehemu za chini za majani, zilizovimba kwa chakula ambacho mmea umejiwekea ili baadaye utoe maua na mbegu. Tena mmea huu hufuata urefu wa mchana. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini hazivimbi mpaka mchana ufike saa 14 au zaidi, na Kilosa mchana haufiki saa 13 mwaka mzima. Apandaye mbegu hizo atavuna majani matupu. Basi chagueni aina za nchi za joto, kama Bombay Red au Mang'ola Red, tena mbegu mpya, maana mbegu ya kitunguu hupoteza uhai upesi.

Sieni kitaluni mwishoni mwa masika, juu ya tuta lililoinuliwa. Baada ya wiki 6 hadi 8 hamisheni miche, sentimita 10 kati ya mmoja na mwenziwe, ili mavuno yaangukie kiangazi. Msizidishe mbolea siku za mwisho: hufanya shingo nene, na shingo nene haikauki, bali hufungulia uozo mlango.

Majani yaanzapo kulala, acheni kumwagilia. Nusu yake yakiisha kulala, ng'oeni, mvianike kivulini penye upepo wiki moja au mbili, mpaka shingo zikauke kabisa. Kateni majani, mkibakiza sentimita 2 au 3. Msivioshe. Vilivyochubuka na vyenye shingo nene viliwe kwanza; vilivyo vizima viwekwe juu ya uchaga wa fito, chini ya paa la nyasi, upepo upite chini na juu. Kila wiki vikagueni, mtoe kilichooza.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Lakini akiba ya kitunguu huoza isipotunzwa. Asiye na uchaga huuza siku ya mavuno, bonde zima likiuza, naye hulazimika kukubali hata gunia la lumbesa, lililokatazwa na sheria ya vipimo. Mwenye uchaga aweza kungoja, na mwenye kungoja husema bei yake.