Kiingereza cha Wodini

Mwaka 2021, miezi michache baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa ajira za wauguzi, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Wengi walishangaa: hawa si wamesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi?

Wamesoma, ndiyo. Lakini Kiingereza cha kujibu maswali ya anatomia hakitoshi kumtuliza mzee anayeogopa kupasuliwa. Mtihani wa OET, mmojawapo wa mitihani ya Kiingereza inayokubaliwa Uingereza, humpa muuguzi mgonjwa wa kuigiza na dakika kama tano hivi: amsikilize, amweleze, ahakikishe ameelewa. Hapo malezi nayo huingia. Sisi tumefunzwa kutomwita mkubwa kwa jina wala kumkazia macho; kule mgonjwa huulizwa angependa aitweje, na muuguzi anayekwepa macho yake huenda akaonekana hajali.

Vyuo vyetu vifundishe mazungumzo haya tangu mwaka wa kwanza, si kwa ajili ya safari tu. Mama kutoka Turkana aliyelazwa Eldoret naye anataka kuelezwa dawa zake kwa subira hiyohiyo.