CHAGUA SAMAKI KWA MAJI ULIYO NAYO

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, katika mkutano wetu wa mwaka hapa Njoro, Moshi)



Najua wengi wenu mlitegemea kwamba mtumishi wa Serikali akisimama hapa atazungumza juu ya mafaili, mishahara na uhamisho. Leo nitazungumza juu ya samaki. Wala si samaki wa kukaanga, ingawa nimekwisha kusikia harufu yao ikitoka jikoni. Nitazungumza juu ya samaki wa kufugwa nyumbani ndani ya tangi la kioo.

Sababu ya kuchagua mada hii mnaijua. Mkutano uliopita uliazimia kuchanga fedha za kununua tangi la kioo kwa ajili ya chumba cha baiolojia. Fedha zimepatikana, na tangi litanunuliwa. Yamebaki maswali mawili: tutie samaki gani, na nani atawatunza? Mimi si Bwana Samaki wala si mwalimu wa baiolojia. Lakini nimefuga samaki nyumbani kwa miaka 12, na yale niliyojifunza yanaweza kutusaidia kujibu maswali hayo.

Tangi ni maji kwanza

Watu wengi huanza kwa kutazama samaki. Huenda dukani, wakaona mwekundu, wakaona wa manjano, wakanunua wote, kisha ndipo wakatafuta maji ya kuwatia. Huko ni kuanzia mwisho. Mfugaji wa samaki kwa kweli ni mfugaji wa maji. Maji yakiwa mazima samaki hujitunza wenyewe. Maji yakiharibika hakuna dawa itakayowaponya.

Nitawaeleza vijana jinsi yanavyoharibika. Samaki anakula, na akishakula anatoa uchafu. Uchafu huo pamoja na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Kwa bahati njema wako bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, lakini wako bakteria wengine wanaoigeuza kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hawa huota polepole juu ya mchanga, mawe na sponji ya kuchujia maji. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kabla hawajatosha kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana jamaa mmoja ofisini kwetu alipotia samaki 20 katika tangi jipya siku ile ile aliyolinunua, wiki haikwisha wote wakafa. Yeye alisema amelogwa. Hakulogwa, walikufa kwa amonia. Angetia samaki 2 au 3 wavumilivu, akangoja wiki kadhaa, kisha akaongeza wengine kidogo kidogo, wangekuwa hai.

Nitrati haitoki yenyewe. Lazima uitoe wewe. Kila wiki punguza kama robo ya maji na ujaze mengine. Kama ni maji ya bomba yenye klorini, yaache katika ndoo iliyo wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Sponji ioshe katika maji uliyoyatoa tangini, usiioshe kwa maji ya bomba, maana klorini itawaua wale bakteria wetu wafanyakazi. Na sabuni isikaribie tangi hata siku moja.

Pima kabla ya kununua

Sasa tuje kwenye kuchagua. Maji hayafanani. Maji ya chemchemi, ya kisima, ya bomba na ya mvua kutoka paani yana chumvichumvi za viwango mbalimbali. Ziko karatasi za kupimia ukali na ugumu wa maji. Zitumie kwanza, kisha ndipo uulize ni samaki gani anayeishi katika maji ya namna hiyo.

Joto nalo lipimwe. Samaki wengi wa mapambo wanaouzwa madukani wanataka nyuzi 24 hadi 26 za sentigredi. Hapa chini Moshi mjini, kwa miezi mingi, hilo si tatizo kubwa. Lakini mwezi wa Julai usiku huwa na baridi, na ninyi ndugu zangu wa Kibosho na Marangu mnajua zaidi yangu. Anayekaa huko juu anunue chombo cha kupashia maji moto, au afuge samaki wa dhahabu. Huyu Wachina wamemfuga kwa zaidi ya miaka 1,000, na baridi ya kiasi haimsumbui. Ila msidanganyike kwamba ni samaki wa bakuli. Hukua akapita urefu wa kiganja, huchafua maji sana, na akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 10. Bakuli la mviringo ni kaburi lake.

Kuhusu idadi, kanuni ya zamani ni sentimita 1 ya samaki mdogo kwa lita 2 za maji, ukihesabu urefu atakaofikia akiwa mkubwa. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54. Maana yake ni kilo 54 za maji peke yake, mbali ya kioo na mawe, kwa hiyo meza ya shule yenye mguu mmoja mbovu haifai. Tena msilijaze hadi kikomo cha kanuni. Umeme ukikatika, pampu ya hewa inasimama. Tangi lenye samaki wachache hustahimili saa nyingi, na ukipenda unaweza kuteka maji kwa jagi na kuyamimina tena kutoka juu yapate hewa. Tangi lililosongamana halitawangojea mafundi wa umeme.

Samaki wetu wenyewe

Kuna dhana kwamba samaki wa mapambo ni kitu cha Ulaya au cha Singapore. Si kweli hata kidogo. Wafugaji wa Ujerumani, Marekani na Japani hutafuta kwa hamu samaki wanaotoka kwetu.

Ziwa Tanganyika lina aina kama 250 za samaki wa jamii ya perege, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Wako wadogo wasiozidi kidole, wanaoishi na kuzaa ndani ya magamba matupu ya konokono. Mpe kila mmoja gamba lake na mchanga wa kuchimba, naye atalilinda gamba lile kama mtu na kihamba chake. Wako na wanaokula mwani unaoota juu ya mawe. Hawa wanataka chakula cha majani, na ukiwazoesha nyama matumbo yao huvimba wakafa. Samaki wa Tanganyika huzoea maji magumu, yenye chumvichumvi nyingi. Ukiwatia katika maji ya mvua matupu hawatakaa sawa.

Kisha kuna samaki wa vidimbwi vya mvua, ambao wataalamu huwaita Nothobranchius. Aina nyingi zinapatikana Tanzania, na mmoja wao, guentheri, ni wa Unguja. Kidimbwi kinapokauka samaki wote hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope kavu hadi mvua zirudi. Wakianguliwa hukua haraka ajabu, huzaa, na maisha yao huisha katika miezi michache. Wafugaji hutumiana mayai hayo kwa posta ndani ya bahasha! Kwa wanafunzi sioni somo zuri kuliko hilo: katika muhula mmoja kijana ataona kizazi kizima, tangu yai hadi yai.

Mtaniuliza, na bahari je? Samaki wa miamba ya pwani yetu ni wazuri mno. Lakini nashauri tangi la maji ya chumvi lingoje miaka 2. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, na chumvi ya jikoni haiwezi kushika nafasi yake, kwa kuwa imekosa madini mengine. Maji yakipungua kwa joto chumvi haiondoki, hivyo lazima ujazie maji baridi kila siku, la sivyo yatazidi kuwa makali. Wako pia samaki wasiofaa kufugwa kabisa. Yule mdogo mwenye mstari mweusi anayewasafisha wenzake wadudu baharini huvutia sana, lakini tangini mara nyingi hufa kwa njaa. Matumbawe msiyaguse, ndiyo nyumba ya samaki na riziki ya mvuvi. Basi atakayefikia hatua ya bahari aulize kwanza kama samaki amezalishwa tangini au amevuliwa, na kama amevuliwa, amevuliwa vipi.

Asitoke tangini

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Mtu akichoka na samaki wake, au akihamishwa kikazi, huona huruma kuwaua. Anawachukua kwa ndoo, anawamwaga mtoni au kwenye chemchemi, anarudi nyumbani ameridhika. Hapa kwetu Njoro maji yako karibu, na kishawishi ni kikubwa. Huruma hiyo ni hatari.

Tazameni Ziwa Viktoria. Sangara alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, na mamia ya aina za furu yakapungua au kutoweka, uchafuzi wa maji nao ukichangia. Sikatai kwamba sangara ameleta fedha. Nasema tu kwamba furu waliopotea hatuwezi kuwarudisha. Baadhi ya aina zao zilibaki hai kwa sababu watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wamezihifadhi katika matangi ya kioo. Kumbe tangi hili hili, likitumiwa vizuri, ni ghala la akiba.

Na tusiende mbali hadi Mwanza. Hapo Rombo, mpakani na Kenya, tunalo Ziwa Chala, ndani ya shimo la volkano, likipata maji yake chini kwa chini kutoka mlimani. Ndani yake yumo perege asiye na kwao kwingine. Mwaka 1889 mtaalamu Günther alimpa jina Oreochromis hunteri. Sehemu ya mwanzo ya neno lile ina maana ya mlima kwa Kigiriki. Baadaye jina hilo likawa la jamii nzima, hata sato anayefugwa katika mabwawa ya nchi nyingi duniani anaitwa Oreochromis. Yaani kila bwawa la sato duniani linabeba jina lililoanzia kwa samaki wa Kilimanjaro! Leo perege huyo wa Chala yumo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na perege wageni wamekwisha kuingizwa ziwani mle. Wanafunzi wangapi hapa walijua habari zake? Wangapi kati yetu wazee?

Mapendekezo

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano upokee mapendekezo yangu manne.

Kwanza, tangi la shule liwe la maji baridi, na samaki wake wawe wa Tanzania, walionunuliwa kwa mfugaji au mfanyabiashara mwenye kibali. Asitumwe mwanafunzi kwenda kuvua ziwani au vidimbwini bila kumwona Ofisa wa Uvuvi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, nasi tuwe wa kwanza kuiheshimu.

Pili, tangi likae na maji, mchanga na samaki wawili watatu tu kwa wiki 6 za mwanzo, na wanafunzi wapime na kuandika vipimo ukutani kila wiki. Subira hiyo nayo ni elimu.

Tatu, iwepo zamu kama ya jikoni. Samaki walishwe mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza katika dakika 2. Mia ya watoto kila mmoja akitupa punje moja kwa mapenzi, watawaua kwa shibe. Likizo nayo isisahauliwe: samaki wazima wenye afya huweza kukaa wiki moja bila kula, lakini likizo ya mwezi inahitaji mtu mwenye ufunguo, naye ajulikane kwa jina kabla shule haijafungwa.

Nne, iandikwe juu ya tangi kwa herufi kubwa: SAMAKI HAWA WASIMWAGWE MTONI. Asiyewataka awarudishe shuleni, nasi tutamtafutia mfugaji mwingine.

Ndugu zangu, shule hii ilitufundisha kutunza tulichokabidhiwa: dawati, jembe, na kitabu cha maktaba chenye majina ya waliotutangulia. Naamini vijana hawa wataweza kutunza lita 54 za maji. Na akitokea mmoja kati yao ambaye siku moja atakwenda Chala kumtafuta yule perege wa mlimani na kujua namna ya kumwokoa, mchango wetu utakuwa umerudi na faida.