Lambo la Mtu Mmoja, Usalama wa Wengi

Wazee wa vijiji, walimu, nanyi nyote wenyeji wa Kibaha na Kisarawe, leo twataka kusema nanyi habari ya malambo ya udongo, yale madogo ambayo mtu huyatengeneza katika shamba lake mwenyewe ili apate maji ya kunyweshea ng'ombe, kumwagilia mboga au kufugia samaki. Hatukuja kuyalaumu. Masika ikiisha, vijito vyetu vingi hukauka, na mtu aliyeyazuia maji ya mvua amefanya jambo la akili. Mara nyingi majirani nao huchota kwake. Lakini kwa kuwa huchota, huona haya kumwuliza: Je, tuta lako ni zima?

Swali hilo yapasa liulizwe. Tufanye hesabu, na walimu waweza kuifanya pamoja na watoto ubaoni. Lambo lenye urefu wa meta 50, upana wa meta 40, na kina cha meta 2, lina meta za ujazo 4,000 za maji. Kila meta moja ya ujazo ina uzito wa tani moja. Basi nyuma ya tuta hilo pana tani 4,000, yaani mzigo wa malori 400 yachukuayo tani kumi kumi. Maji hayo yasukuma tuta usiku na mchana.

Mambo yaliyotokea kwa jirani zetu wa Kenya ni fundisho. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Nakuru, bwawa la udongo lililoitwa bwawa la Patel, lililokuwa katika shamba la watu binafsi, lilipasuka baada ya mvua nyingi. Maji yaliteremka yakachukua nyumba na watu. Waliokufa hawakupungua 47, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Baadaye ilitangazwa na wakuu wa maji wa nchi hiyo kwamba mabwawa ya shamba lile hayakuwa na hati ya ruhusa. Tena tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, watu zaidi ya 40 walikufa kwa maji. Kwanza ilidhaniwa kwamba bwawa limepasuka, kisha ikaelezwa kwamba njia ya maji chini ya reli ilizibwa na takataka, maji yakajaa nyuma ya tuta la reli, na mwisho likashindwa. Tuta lile halikujengwa liwe bwawa. Kuzibwa kwa njia ya maji ndiko kulikolifanya bwawa.

Basi jambo la kwanza la kutazama ni utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ipitishayo maji yaliyozidi. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Yakipita, huchimba mfereji, na mfereji huo hupanuka kwa muda mfupi hata tuta likakatika. Wako wenye malambo ambao huziba utoro kwa magunia ya mchanga ili maji yabaki mengi, au huweka wavu ili samaki wasitoroke, na wavu ukashika majani na magogo. Mtu afanyaye hivyo amejiongezea maji kidogo, na amewaongezea hatari kubwa wakaao bondeni.

Jambo la pili ni tuta lenyewe. Katika wilaya zetu udongo wa mahali pengi ni wa kichanga, nao haushiki maji kama udongo wa mfinyanzi. Miti isiachwe kuota juu ya tuta, kwa maana mizizi ikioza huacha mashimo. Bora zipandwe nyasi fupi. Mashimo ya panya na mchwa yafukuliwe na kushindiliwa upya maji yakiwa yamepungua. Ng'ombe wapewe njia yao ya kunywea, wasipande tuta.

Jambo la tatu ni maji yavujayo upande wa nje. Yakiwa machache na safi, yatazamwe kila siku. Yakiwa na tope, au yakizidi, ujue kwamba yanachukua udongo wa ndani ya tuta, na hatari i karibu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa tuangalie sana. Ukiuziba mvujo kwa udongo mzito upande wa nje, maji hutafuta njia nyingine ndani ya tuta. Kinachofaa ni kuweka mchanga safi, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yatoke na udongo ubaki. Kisha aitwe fundi ajuaye, na maji ya lambo yapunguzwe taratibu. Walio chini wahamishwe kwanza. Wasingoje fundi afike.

Kwa sheria ya nchi yetu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, bwawa hujengwa kwa kibali, na mwenye bwawa ndiye mwenye wajibu wa kulitunza. Kwa upande wetu shauri hupelekwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na afisa mtendaji wa kijiji aweza kuwaonyesha njia.

Twawaomba wazee, kabla ya vuli na kabla ya masika, waende na mwenye lambo wakatembee juu ya tuta, na chini yake pia, kisha wahesabu nyumba zilizo bondeni na kuchagua mahali pa juu pa kukimbilia. Mwenye lambo asione kwamba anashitakiwa. Shamba ni lake na maji ni faida yake, lakini tuta likikatika usiku, maji hayataulizia mpaka wa shamba.