Maji ya Kisima na Mafuta ya Chini ya Ardhi
(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)



Wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu, shukrani zote ni za Allah (s.w.t.) aliyetufikisha tena kwenye mwezi huu mtukufu. Leo adhana ya Magharibi ikilia, tutafungua kwa tende na maji. Basi nataka tuzungumze juu ya hayo maji.

Kijana mmoja aliniuliza hivi: "Ustadh, kisima chetu cha msikiti kiko karibu na kituo cha petroli. Lakini maji hayana rangi, hayana ladha, hayana harufu. Si ni safi hayo?" Swali zuri, kwa sababu sote madrasa tulifundishwa kuangalia mambo hayo matatu. Kuhusu kutawadha, hukumu waulizeni mashekhe. Mimi nitajibu la kunywa tu: hapana ndugu yangu, pua na ulimi havitoshi.

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Kituo cha petroli unachokiona ni pampu na paa. Mafuta yenyewe yako kwenye matangi yaliyozikwa chini. Tangi la chuma lisilokingwa, likikaa kwenye udongo wenye unyevu na chumvi, huliwa na kutu. Au kiungo cha bomba kinalegea. Nani atajua? Piga hesabu: tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,500.

Mafuta hayo hushuka udongoni mpaka yakutane na maji. Petroli ni nyepesi, kwa hivyo huelea juu. Lakini sehemu yake huyeyuka na kusafiri pamoja na maji, kimya kimya, hadi kisimani. Na sisi watu wa Pwani tunajua ardhi yetu: jiwe la matumbawe lina nyufa na matundu, na maji hayako mbali.

Kati ya vinavyoyeyuka kuna kemikali iitwayo benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Ulimi hauanzi kuionja mpaka ifike kama mara 50 ya kiasi hicho, au zaidi. Yaani siku utakayosema "maji haya yana ladha ya petroli", huenda umekwisha kuyanywa muda mrefu. Wala usitegemee klorini, hiyo huua vijidudu, haiondoi mafuta. Na ukichemsha, mvuke wake unaujaza jikoni mwako.

Msidhani ni hadithi za mbali. Mwaka 2015 kule Thange, Kaunti ya Makueni, mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978. Yaliingia mtoni, visimani na mashambani. Wakulima waliokuwa wakitegemea mto ule walipoteza maji, na wakaishia kwenda mahakamani kudai haki yao. Hata Marekani, mwezi wa Novemba 2021, mafuta kutoka ghala la chini ya ardhi la jeshi la majini, Red Hill, Hawaii, yaliingia kwenye maji yaliyokuwa yakihudumia watu wapatao 93,000. Maelfu ya familia zilihama nyumba zao. Miezi michache baadaye, mwaka 2022, serikali yao iliamua ghala lile lifungwe. Ikiwa wenye uwezo kama wao yamewafika, sisi je?

Sasa tufanye nini?

Kwanza, kamati ya msikiti wenye kisima karibu na kituo cha mafuta au gereji, pelekeni maji maabara. Waambieni wazi mnataka yapimwe mafuta, maana kipimo cha vijidudu hakitaonyesha. Ukisikia harufu ya petroli, acheni kunywa na kupikia siku hiyo hiyo, na mripoti kwa NEMA.

Pili, kijana unayefanya kazi kwenye kituo, hesabu ya dipu ya asubuhi isipolingana na mauzo, usiandike tu ili hesabu ikae sawa. Mwambie mkubwa wako. Hiyo ni amana.

Tatu, fundi wa gereji, oili chafu usiimwage chini. Ikusanye kwenye mtungi. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama. Basi vipi oili?

Nne, tujue haki yetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 43 kinataja maji safi na salama. Kuuliza si fujo.

Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma pale Madina akakitoa wakfu kwa Waislamu. Wazee wetu nao walituchimbia visima wakatuachia. Tusiwe kizazi kilichorithi visima vitamu kikawaachia watoto wake sumu.

Allah atutakabalie saumu zetu, na ayahifadhi maji yetu. Amin.

Wassalaam alaykum.